Kepcha ya video ya zamani imegoma kwenye kompyuta mpya? Anza hapa

Desemba ikikaribia, watu wanaporudi Mbeya, Tukuyu na Njombe kula sikukuu, ndipo maboksi ya kanda yanaposhushwa kutoka juu ya kabati. Harusi za miaka ya 1990, kipaimara, kwaya ya usharika, mazishi ya babu. Na ukoo haukosi mtu aliyewahi kununua kepcha, kile kifaa kidogo chenye ncha za njano, nyeupe na nyekundu upande mmoja na USB upande wa pili. Kwenye Windows XP kilipiga kazi bila shida. Leo kimechomekwa kwenye laptopu mpya, kioo cheusi, na hukumu inatolewa palepale: kimekufa.

Mara nyingi hakijafa. Ndani ya kepcha hakuna kinachozunguka wala kinachosagika. Kilichoachwa nyuma ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Na pale draiva isipokuwa na kosa, tatizo huwa limekaa nyuma zaidi: kwenye waya, kwenye deki au kwenye kanda yenyewe. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye kompyuta na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kanda.

Ila kwanza chomeka deki yako kwenye TV uone kama inatoa picha na sauti. Isipotoa, achana na kompyuta kabisa, ruka uende sehemu ya nyaya huko chini. Nimeona watu wakifuta Windows nzima na kuiweka upya wakati deki ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kompyuta haikitambui, au inaonyesha alama ya mshangao

Fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows. Kama ukichomeka na kuchomoa hakuna kinachobadilika kwenye orodha, jaribu tundu jingine la USB, jaribu bila waya wa kurefushia, jaribu kompyuta nyingine. Kimya kwenye kompyuta zote maana yake kepcha kweli imekufa au waya wake umekatikia ndani, aghalabu pale karibu na ncha ya USB unapokunjwa kila siku.

Kikitokea na alama ya mshangao, hiyo ni habari njema. Kifaa kiko hai. Sasa unatakiwa kujua ni kifaa gani hasa, na hapa usidanganywe na maandishi ya juu. Jina EasyCap limebandikwa kwenye ganda lilelile moja huku ndani kukiwa na chipu za makampuni tofauti kabisa, na ndiyo sababu CD ya draiva uliyoazima kwa jirani haikubali hata kama kepcha zenu zinafanana kama pacha.

Utambulisho wa kweli ni namba. Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Details, halafu kwenye orodha ya kushuka chagua Hardware Ids. Utaona VID na PID, kila moja ikifuatiwa na herufi na tarakimu nne. Ukikuta VID_05E1 na PID_0408, hiyo ni Syntek STK1160. VID_EB1A ni Empia, familia ya EM2860 na ndugu zake. VID_1B71 na PID_3002 ni USBTV007, wengine huiita UTV007. VID_1C88 ni Somagic, na hiyo ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu kila ikichomekwa inasubiri kompyuta iipakie kwanza programu yake ya ndani ndipo ijitambulishe kuwa ni kifaa cha video. VID_534D na PID_0021 ni MacroSilicon. Hiyo haihitaji draiva ya pekee, inatumia utaratibu uleule wa kamera za kompyuta, kwa hiyo ikikugomea kosa tafuta kwingine.

Andika hizo namba kwenye karatasi ndipo utafute draiva kwa namba, siyo kwa jina. Tovuti zinazokulazimisha kupakua programu ya "kusasisha draiva zote" zikimbie, utapata matangazo na virusi kabla ya draiva.

Namba ya kosa nayo inasema kitu. Kosa 28 maana yake draiva haijawekwa. Kosa 52 maana yake draiva ipo lakini Windows imekataa sahihi yake ya kidijitali. Tangu Windows Vista ya biti 64, draiva isiyo na sahihi hairuhusiwi kuingia, na draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ya biti 32 haiwezi kufanya kazi kwenye ya biti 64 hata ukiibembeleza. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa hiyo kama CD yako ina draiva ya XP ya biti 32 tu, usipoteze jioni nzima nayo.

Kosa 39 kwenye mashine mpya mara nyingi linatokana na ulinzi unaoitwa Memory integrity, ulio ndani ya Windows Security, kwenye Device security, sehemu ya Core isolation. Ukiuzima na kuwasha kompyuta upya, baadhi ya draiva za zamani zinapita. Kwa kosa 52 kuna mlango mwingine: shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha bonyeza 7. Njia hiyo inadumu mpaka utakapozima tu. Ukiwasha tena, Windows inarudia msimamo wake.

Mimi sipendi kuzima ulinzi kwenye laptopu ambayo mtu anaitumia kwa benki na kazi za ofisi, eti kwa ajili ya kanda tano. Kuna njia mbili zenye akili zaidi.

Ya kwanza ni Linux. Weka Linux Mint kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa Windows iliyomo, chomeka kepcha, fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, na uandike lsusb. Namba zilezile zitatokea. Draiva za STK1160, Empia na USBTV007 zimo ndani ya Linux yenyewe, hakuna CD wala sahihi. Somagic haimo, inabidi uihangaikie kwa mkono, na kwa mtu asiyezoea sishauri. Ukitaka kupima haraka, fungua VLC, ingia Media kisha Open Capture Device, uchague kifaa. Picha ikionekana, umeshashinda nusu ya vita. Kurekodi tumia OBS, programu ya bure ya kurekodi video, na hakikisha video zinahifadhiwa kwenye diski halisi, kwa kuwa flashi ile ukiizima inasahau kila kitu ulichoacha ndani yake.

Njia ya pili ni kompyuta ya zamani. Maduka ya kompyuta za mtumba Mwanjelwa hayakosi mashine ya umri huo. Iweke Windows 7 ya biti 32, ifanye kazi moja tu ya kanda, na usiiunganishe na intaneti, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020. Video zikishaingia unazihamisha kwa diski ya nje.

Kuendesha Windows XP ndani ya kompyuta mpya kwa programu ya kuiga mashine kunasikika vizuri, lakini video ya USB inahitaji mtiririko usiokatika na pale kati fremu hupotea. Usijisumbue.

Kadi ya kuchomeka ndani haina pa kuingia

Kadi za zamani za kunasa video zenye chipu za Bt878 na SAA7134 ni za PCI, na bodi za mama za siku hizi zina PCI Express tu. Hazifanani umbo wala lugha. Tafuta kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu la PCI, Linux itaitambua kadi bila kuuliza. Adapta za kugeuza zipo, ila kwa bei yake bora ununue kepcha nyingine.

Imetambuliwa, lakini kioo ni cheusi au bluu

Anza na ruhusa. Windows 10 na 11 zinaihesabu kepcha kuwa kamera, kwa hiyo ukiwa umefunga ruhusa ya kamera kwenye mipangilio ya faragha, kepcha nayo imefungiwa nje. Fungua Camera kwenye sehemu hiyo na uruhusu programu za mezani pia. Halafu hakikisha hakuna programu nyingine iliyokishika kifaa. Zoom iliyoachwa wazi nyuma ya pazia inatosha kukunyima picha.

Ndani ya OBS, kwenye sifa za chanzo cha video, kuna kitufe cha Configure Crossbar. Hapo kepcha inaambiwa isikilize tundu lipi, la njano au lile la S-Video la duara lenye pini nne. Ikisikiliza lisilo na waya, utatazama giza mpaka kesho.

Sasa twende kwenye nyaya. Deki nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina tundu pana la SCART nyuma, na watu huchomeka kichwa cha kugeuzia kinachotoa matundu matatu ya rangi. Kigeuze kichwa hicho ukitazame pembeni: vingi vina kiswichi kidogo cha kusukuma kwa kucha, upande mmoja kimeandikwa IN na mwingine OUT. Picha inatoka kwenye deki, kwa hiyo kiwe OUT. Kiswichi hiki kimewatesa watu wengi kuliko draiva zote nilizozitaja hapo juu, na hakigharimu hata shilingi.

Kwa kamera ndogo zenye tundu la duara kama la earphone, shida ni waya. Waya wa king'amuzi unaingia vizuri kabisa lakini mpangilio wa pini zake unaweza kuwa tofauti. Dalili yake ni mvumo mkali kwenye sauti na picha hakuna. Kabla hujanunua mwingine, chomeka ncha nyekundu kwenye tundu la njano la kepcha. Mara nyingi picha imejificha huko.

Picha haina rangi, inabiringika au imekatwa chini

Hapa kuna mambo mawili. Kama umechagua S-Video huku ukitumia waya wa njano kupitia adapta, utapata picha nyeusi na nyeupe iliyo safi. Rekebisha uchaguzi, rangi itarudi.

Jambo la pili ni mfumo wa rangi. Tanzania tulitumia PAL: mistari 625, fremu 25 kwa sekunde, na kepcha inainasa kwa 720 kwa 576. Marekani na Japani ni NTSC, fremu 29.97, 720 kwa 480. Kepcha nyingi zikichomekwa mara ya kwanza zinaanza na NTSC, kwa hiyo kanda yako ya Mbeya inabiringika au inakosa rangi. Kwenye OBS bonyeza Configure Video, ingia Video Decoder, uchague PAL_B. Kisha weka ukubwa wa picha kwa mkono, 720x576, usiiachie programu ikuchagulie.

Iringa suala hili lina upande wake wa pili. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina urafiki wa miaka mingi na Walutheri wa Saint Paul, Minnesota, na wageni wa kutoka kule walikuja na kamera zao, wakarekodi ibada na kwaya, wakaacha nakala. Kanda hizo ni NTSC. Ukiziweka kwenye deki ya PAL tupu utaona vurugu ambayo hakuna draiva itakayoitibu. Deki inayosema nje yake kwamba inacheza NTSC kwenye TV ya PAL inasaidia kwa TV, lakini inatoa mchanganyiko unaoitwa PAL-60, na kepcha nyingi haziujui. Jaribu kwanza kama kwenye Video Decoder kuna PAL_60. Haimo? Tafuta deki ya mifumo mingi inayotoa NTSC halisi, na kepcha uiweke NTSC_M. Kanda walizoleta wageni wa Kijerumani, ambao Wamoravian wa Rungwe wanafahamiana nao tangu 1891, hazina usumbufu huo. Ujerumani ni PAL kama sisi.

Picha ipo, sauti haipo

Windows huiona sauti ya kepcha kama maikrofoni, kifaa cha peke yake. Iongeze kwenye OBS kama chanzo cha sauti, na uruhusu maikrofoni kwenye faragha kama ulivyofanya kwa kamera. Sauti ikitoka upande mmoja tu wa spika, pengine deki yako ni ya mono na ina tundu jeupe tu. Ibadilishe kuwa mono ndani ya OBS, basi.

Inagandaganda, sauti inapishana na midomo

Piga hesabu kidogo. Picha ya 720 kwa 576, baiti 2 kwa kila nukta, mara fremu 25, ni karibu megabaiti 21 kila sekunde zinazopita kwenye USB 2.0. Kepcha ikigawana habu moja na flashi unayorekodia, au na diski ya nje, fremu zitadondoka. Ipe tundu lake peke yake. Kepcha nyingine za zamani zinagombana na matundu ya USB 3, yale ya bluu. Jaribu jeusi, na kama laptopu haina, habu ya USB 2.0 katikati wakati mwingine inamaliza ugomvi.

Rekodi ikikata yenyewe kila ikifika gigabaiti 4, diski yako iko kwenye FAT32. Ibadilishe iwe NTFS au exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kuna kuganda kwingine ambako TV inaonyesha picha safi lakini kepcha inarusha bluu kila kanda inapotikisika. Kanda iliyochoka inatoa mapigo yasiyo na mpangilio. TV za zamani zinavumilia, kepcha haivumilii. Pitisha picha kwanza kwenye mashine ya kurekodia DVD au kamera ya MiniDV (ya kanda ndogo za kidijitali) yenye tundu la kupokea AV, halafu ndipo iende kwenye kompyuta. Mashine hizo hupanga upya mapigo. Na kama mwanga unapanda na kushuka kwenye filamu ya dukani, hiyo ni kinga ya kunakili iliyowekwa makusudi, siyo ubovu.

Kamera ya MiniDV haionekani

Waya wa FireWire (tundu la kidijitali la kamera hizi) kwenda USB unaouzwa kwa bei ya soda ni utapeli, FireWire na USB ni lugha mbili tofauti na waya mtupu hautafsiri. Tundu la USB la kamera nalo kwa nyingi linatoa picha za mnato tu. Unahitaji FireWire ya kweli: kadi ya PCI Express kwenye kompyuta ya mezani, au laptopu ya mtumba iliyozaliwa nayo. Dell Latitude E6400 na E6410 zinayo.

Kuanzia Windows 8 draiva ya zamani ya FireWire iliondolewa, kisha Microsoft ikaitoa pembeni kama kitu cha kupakua. Iweke, halafu kwenye Device Manager badilisha draiva ya kadi uchague ile ya 1394 OHCI yenye neno Legacy mwishoni. Kamera iwe kwenye PLAY au VCR, siyo kurekodi. Windows ikikuchosha, Linux ina programu ya dvgrab ambayo inafanya kazi hii kimyakimya. Andaa gigabaiti 13 kwa kila saa ya kanda. Tahadhari moja: tundu la pini sita linabeba umeme, ukichomeka kinyume kwa nguvu unaunguza kamera. Zima vyote viwili kwanza.

Mistari minene inapanda polepole, na sauti inakoroma

Chomoa chaja ya laptopu, endelea kwa betri. Ikitulia, tatizo ni umeme unaozunguka kati ya chaja na deki kupitia nyaya za AV. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au rekodi kwa betri.

Mistari kama meno ya kitana kwenye vitu vinavyotembea ni kawaida ya video ya zamani. Kwenye OBS washa Deinterlacing, Yadif 2x, ukianza na Top Field First, na video uiweke fremu 50. Kile kipande kinachochezacheza chini kabisa mwa picha ya VHS nacho ni cha kawaida, kikate wakati wa kuhariri.

Deki au kamera inakataa kanda, au picha ni chenga tupu

Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Juni na Julai asubuhi za Makete na Njombe hazina mchezo. Kamera iliyolala kwenye chumba cha baridi ukiileta jikoni au karibu na jiko la mkaa, unyevu unatuama kwenye kichwa chake cha kusomea. Itaandika DEW na kugoma. Haijaharibika. Fungua mlango wa kanda, iache saa moja au zaidi, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele. Deki isiyo na onyo hilo ni hatari zaidi, maana itajaribu kucheza na kanda itanata kwenye kichwa.

Chenga zilizojaa kioo huku sauti ikisikika vizuri ni kichwa kichafu. Tumia karatasi nyeupe laini iliyoloa alkoholi ya isopropili, ishikilie bila kuisogeza, uzungushe kichwa kwa mkono kwa upande. Usisugue kwenda juu na chini, na usitumie pamba ya masikio, nyuzi zake zinanasa na kung'oa.

Halafu kuna ukungu. Wilaya ya Rungwe inanyeshewa kupita sehemu nyingi za nchi, na kanda zilizokaa Tukuyu miaka 20 ndani ya boksi zinaota. Siku moja mama mmoja alinipa ya harusi ya binti yake.

"Shikamoo mama. Hii imekaa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ilikuwa juu ya dari. Wewe iweke tu, ilikuwa inacheza vizuri."

Tazama kupitia kidirisha cha plastiki, kwenye ubavu wa mkanda uliojiviringa, ukielekeza tochi ya simu kwa mshazari. Kanda isiyo na ukungu ni nyeusi na inang'aa. Yenye ukungu ina vumbi jeupe au duara za kijivu pembezoni. Ukiiona hivyo usiiweke kwenye deki unayoitegemea, kwani vumbi hilo linahamia kwenye kichwa na kutoka hapo kwenye kila kanda itakayofuata. Itenge kwenye mfuko wake, ikauke sehemu yenye hewa mbali na jua, na mwisho kabisa, kanda safi zote zikishaingia kwenye kompyuta, ndipo uifungue kwa bisibisi na kuipangusa ukungu ukitumia deki usiyojali ikiharibika.